Kibla na Maana Zake

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wageni wao, Palma)



Mwenyekiti wa chama ameniomba nizungumze juu ya kibla, na sababu ya ombi lake hakuna asiyeijua hapa. Ukuta wa msikiti wa mtaa wetu, uliobomoka wakati watu walipokuwa wametawanyika, umeinuliwa tena hadi usawa wa kiuno, na tayari tumegawanyika makundi. Wako wasemao kwamba fundi amefuata barabara wala hakufuata kibla. Wako wasemao kwamba kibla ni kaskazini, kaskazini yajulikana, na saruji ni ghali. Nimekaa barazani nikawasikiliza wote, nikaona kwamba wote watumia neno moja, na kila mmoja ana maana yake moyoni. Watu wa namna hiyo waweza kushindana mpaka alfajiri wasipatane, kwa sababu hawashindani juu ya kitu kimoja.

Basi tulitazame neno lenyewe kwanza.

Kibla ni neno la Kiarabu, na asili yake ni herufi tatu: qaf, ba na lam. Maana ya asili hiyo ni kuwa mbele ya kitu, uso kwa uso. Kutokana na asili hiyo Kiswahili chetu kimepata ukoo mzima wa maneno, nasi twayatumia kila siku pasipo kujua kwamba ni ndugu. Kukabili ni kuelekeana na jambo au na mtu. Mkabala ni upande ulio mbele yako. Kukubali ni kulipokea lililoletwa mbele yako, na kutoka hapo yakaja makubaliano. Tukimaliza kusali twaambiana, Mungu atakabali. Maana yake aipokee ibada yetu, asiigeuzie uso. Hata kabila ni la ukoo huo huo. Na kabla, ambalo kwetu ni la wakati uliokwisha kupita, nalo limetoka humo. Ajabu ya lugha ni hii: Mswahili akisema siku za mbele, ataka kusema siku zijazo, lakini neno kabla, ambalo kwa asili yake ni la mambo ya mbele, latuelekeza jana. Hilo nawaachia walimu wa lugha walitatue.

Katika dini, kibla ni ile Nyumba iliyoko Makka, nayo ndiyo tunayoielekea tusalipo. Haikuwa hivyo tangu mwanzo wa Madina. Mtume (s.a.w.) alipohamia huko, aliendelea kusali akielekea Baitul Mukaddas kwa muda wa miezi 16 au 17, kisha katika mwaka wa pili wa Hijra, yaani mwaka 624 wa Miladi, ikaja amri ya kuelekea Al-Kaaba. Yafaa tukumbuke mahali ulipo mji wa Madina: Baitul Mukaddas uko kaskazini yake, na Makka iko kusini yake. Kwa hiyo waumini wa Madina walipogeuka, waligeuka nyuma kabisa. Aliyekuwa ameutazama Sham akautazama Yemen. Msikiti mmoja wa Madina waitwa mpaka leo Msikiti wa Kibla Mbili kwa ajili ya jambo hilo.

Nalitaja hili kwa sababu moja. Watu wa Madina, walipofundishwa kibla chao, waliambiwa kuwa kiko baina ya mashariki na magharibi. Kwao maana yake ilikuwa kusini. Maneno hayo hayo ukiyaleta pwani yetu yanabaki kuwa kweli, ila kwetu maana yake ni kaskazini. Mwenye kuyashika maneno bila ya kuuliza yalisemwa wapi, atasali akiipa Makka kisogo.

Nimesema kwetu ni kaskazini, na hapa ndipo neno lilipoanza kuzaa maana nyingine. Makka iko katika longitudo ya digrii 39 na dakika 50 mashariki, na Palma iko karibu na digrii 40 na nusu. Tofauti haifiki hata digrii moja. Sisi na Makka tumo karibu katika mstari mmoja utokao kusini kwenda kaskazini, wao juu ya Ikweta, nasi chini yake. Kwa hiyo kibla cha Palma chakaribia kaskazini halisi kabisa, kikipinda kiasi cha digrii moja tu kuelekea magharibi. Ukienda Nampula chapinda kidogo sana kuelekea mashariki, na ukishuka mpaka Maputo chapinda kuelekea mashariki kiasi cha digrii 9. Ndiyo maana wazee wa pwani hii, tangu huku mpaka Lamu, walisema kibla au kibula na maana yao ni kaskazini tu, hata kama hawataji sala. Nahodha aliweza kusema anakwenda upande wa kibla, na shehena yake ni chumvi. Na upande wa kusini waliuita suheli, kwa jina la nyota kubwa ing'aayo upande huo. Mabaharia wa Kiarabu wa zamani, wakiwemo akina Ahmad ibn Majid, walikuwa na Jah, yaani nyota ya kaskazini, upande mmoja wa dira, na Suheli upande wa pili. Jah huku kwetu haionekani, imezama chini ya upeo. Suheli twaiona vizuri.

Maneno kaskazini na kusini, tuyatumiayo leo, nayo hayakuzaliwa kuwa maneno ya pande. Kaskazi ni upepo, kusi ni upepo. Kaskazini ni huko utokako kaskazi, na kusini ni huko utokako kusi. Kaskazi ni majira vilevile, wakati wa joto na wa majahazi kushuka. Na kusi ni majira ya majahazi kurejea. Neno moja likawa upepo, likawa miezi, likawa upande. Lakini mwangalieni mwenye kuufuata upepo kama kibla: kaskazi halisi hutoka kaskazini-mashariki. Aliyesimama sawasawa akielekea kibla, kaskazi humpiga shavu la kuume, haimpigi puani. Mwenye kuikabili puani amekwisha kuuelekea mwambao wa Bara Hindi.

Wareno nao wana yao. Watoto wetu shuleni wafundishwa neno orientar, yaani kumwonyesha mtu njia, na asili yake ni kumwelekeza mashariki. Na mtu aliyechanganyikiwa huitwa desnorteado, aliyepotewa na kaskazini. Basi kwa lugha hiyo hiyo moja mtu huongozwa kwa mashariki na kupotea kwa kaskazini! Simcheki mtu, Mwislamu akaaye Lisbon, akitaka kusali, kweli huelekea mashariki, tena kushuka kidogo kusini. Kwake neno orientar limekaa mahali pake.

Wala sisi wenyewe hatuna haki ya kucheka. Waulizeni watu wa Maputo: norte ni wapi? Watasema Cabo Delgado, yaani sisi. Mtu wa norte huyu akitoka Palma, akavuka Ruvuma, akazidi kwenda kaskazini, atafika Mtwara. Na huko atakaribishwa na watu waitwao, kwa lugha ya Tanzania, watu wa Kusini. Ametoka kaskazini, akaenda kaskazini, akafika kusini. Lugha ni moja, ndugu ni wale wale, wengine ni wajomba zetu hasa. Majina hayo ya pande hupewa na mahali alipoketi mwenye kusema, na aghalabu mwenye kusema huketi katika mji mkuu. Mto ukiisha kuuvuka, norte yageuka kusini, kibla hakigeuki.

Sasa nataka kukaa mahali hapa, maana ndipo ilipo dhara.

Kwa kuwa pwani yetu yatazama mashariki, wazee walitufundisha utotoni kanuni nyepesi: simama bahari iwe mkono wako wa kuume, bara iwe mkono wako wa kushoto, umepata kibla. Kwa Palma kanuni hii yatosha kumwongoza mtoto. Watu wa visiwani hawakuifuata, kwani kisiwani bahari iko kila mkono. Lakini sisi wa mrima tuliizoea hata ikaingia mwilini, na mwisho wengi wetu hatukujua tena kibla ila kwa bahari. Kwa watu hao neno kibla lilikuwa limepata maana ya tano au ya sita: nafasi kati ya maji na mashamba.

Kisha tukahamishwa. Mji wa Mocímboa da Praia ulishambuliwa tarehe 5 Oktoba 1917 kwa kalamu ya mtu aliyekosea katika karatasi niliyopewa. Mwaka wenyewe, kama nyote mjuavyo, ni 2017. Mwaka 2020 mji huo ukatekwa, na mwaka ule ule maelfu ya watu wakafika Pemba kwa madau na majahazi, wakishuka katika ufuko wa Paquitequete. Tarehe 24 Machi 2021 ikawa zamu ya Palma. Sisimulii yaliyotokea, hapana nyumba hapa isiyo na yake. Nasema la kibla tu. Pemba imejengwa juu ya rasi, na ghuba yake kubwa iko upande wa magharibi wa mji. Mtu aliyeshuka penye ufuko wa ghuba, hana mwenyeji, hana dira, akasimama bahari iwe mkono wake wa kuume kama alivyofundishwa na babaye, alikuwa ameelekea kusini! Ameipa Makka mgongo, na moyo wake wadhani umo katika njia ya wazee. Na waliopelekwa Montepuez, na Ancuabe, na Nampula, hawakuiona bahari kabisa.

Hatusemi kwamba sala zao zimepotea bure. Mwenye kutafuta kwa bidii akakosa, Mola wake amjua. Lakini katika madhehebu yetu ya Shafi, mtu hana ruhusa ya kukisia ilhali yupo mjuzi wa kumwuliza karibu naye. Katika mji wa Pemba misikiti ni mingi, na wenyeji walikuwa tayari kuonyesha. Tatizo lilikuwa kwamba anayedhani anajua haulizi.

Na kibla si cha sala peke yake. Twachinja tukimwelekeza mnyama kibla. Vyoo twavijenga ili mtu asiielekee Kaaba wala asiipe mgongo akiwa katika haja; kwa sababu hiyo vyoo vya mji huu, mkivitazama, vyote hutazama mashariki au magharibi. Katika makambi vilijengwa vyoo safu kwa safu na watu wema wasiojua jambo hilo, na wazee wengine wakawa wakienda porini gizani, pamoja na hatari zake, kuliko kuvitumia. Mtu mmoja tu angaliulizwa kabla kamba haijavutwa, gharama isingaliongezeka hata senti.

Zaidi ya yote ni kaburi. Maiti wetu hulazwa ubavu wa kuume, uso kibla. Kwa kuwa kibla chetu ni kaskazini, kaburi hulala mashariki kwa magharibi, kichwa kikiwa upande wa baharini na miguu upande wa bara. Mkipita penye makaburi ya zamani mtayaona yote yamelala hivyo, hata yale ambayo majina yake yamekwisha kufutika. Kaburi lenyewe lasema aliyemo alikuwa nani. Huko ugenini wako waliozikwa kwa haraka, kaburi likifuata safu ya makaburi yaliyokuwapo, na hapakuwa na mtu wa kusema geuzeni. Nimeulizwa na mama mmoja kama yapasa mwanawe afukuliwe. Nilimjibu kwamba mwili ukiisha kugeuka haufukuliwi kwa ajili hiyo, na kwamba aliyezika kwa hofu ya risasi ana udhuru wake. Akanyamaza, akauliza tena, nami nikamjibu vile vile.

Iko maana nyingine ambayo nisingependa kuiruka, ingawa si ya kamba wala ya dira. Wanavyuoni wana neno ahlul-kibla, watu wa kibla, na maana yake ni Waislamu wote. Hawakusema watu wa ndevu wala watu wa kanzu fupi. Walichagua kibla kiwe ndiyo alama. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba mwenye kusali sala yetu, akakielekea kibla chetu, akala tulichochinja, huyo ni Mwislamu, ana ahadi ya Mwenyezi Mungu na ya Mtume wake. Na Imamu Tahawi, aliyefariki mwaka 321 wa Hijra, aliandika katika itikadi yake kwamba hatumwiti kafiri mtu wa kibla kwa sababu ya dhambi aliyoitenda, maadamu hajaihalalisha. Kabla ya mwaka 2017 walionekana vijana katika wilaya zetu wakiingia misikitini na viatu na silaha, wakakataa kusali nyuma ya maimamu wetu, wakawaita wazee wao makafiri. Kisha wakawaua. Walielekea upande ule ule tuuelekeao sisi, na waliowachinja walikuwa wameelekea huko huko. Basi neno lile, lililowekwa liwe ngome ya damu ya Mwislamu, kwao lilikuwa limebaki upande tu wa kuelekeza kifua. Nawaomba walimu wa vyuo wanisikie: tumewafundisha watoto sharti za kibla, na nguzo, na yanayobatilisha. Hii ya ahlul-kibla tumewafundisha lini?

Nirudi msikitini. Hapa pwani kibla ni jina pia la kile kijichumba cha imamu katika ukuta wa mbele, ambacho wenye elimu hukiita mihirabu. Katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, maandishi ya ukuta huo yataja mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, na watu wasali humo mpaka leo. Ugomvi wetu umezidi kwa sababu ya maana hii. Asemaye “kibla cha msikiti kimepinda” ataka kusema ukuta. Asikiaye adhani amesema sala zimepinda. Ukuta waweza kupinda, na safu zikanyooka. Mikeka hutandikwa kwa mshazari, mistari hupigwa chini kwa rangi, imamu husimama kwa kufuata mistari, na tofali hata moja halivunjwi. Misikiti mingi duniani imefanya hivyo, hasa iliyokuwa majumba ya kazi nyingine.

Tutajuaje kama umepinda? Dira yaweza kusaidia, lakini sindano yake haielekei kaskazini halisi. Katika pwani yetu huvutwa upande wa magharibi kwa digrii kadhaa, na dira ya simu huchezeshwa na chuma kilicho karibu, na ukuta ule umejaa nondo. Jua halina kasoro hizo. Kila mwaka jua husimama juu ya Kaaba yenyewe mara mbili: tarehe 28 Mei na tarehe 16 Julai, au siku moja kabla yake katika mwaka wa siku 366. Mei ni saa sita na dakika 18 za mchana kwa saa za Makka, na Julai ni saa sita na dakika 27. Wakati huo mwenye kulielekea jua, popote alipo, ameielekea Kaaba. Saa zetu ziko nyuma ya Makka kwa saa moja, hivyo hapa itakuwa saa tano na dakika 18, na Julai saa tano na dakika 27. Angalieni sana simu zenu, kwani hapa mpakani hushika mtandao wa Tanzania, na ng'ambo ya Ruvuma saa ni zile zile za Makka. Mwenye simu ya namna hiyo atakuja saa nzima kabla ya wakati.

Asiyeweza kungoja Mei, achukue kijiti chochote. Kwa kuwa tumo karibu katika mstari mmoja na Makka, kivuli cha adhuhuri, kinapokuwa kifupi kuliko vyote, hulala sawa na kibla chetu, isipokuwa ile digrii moja. Tangu mwishoni mwa Februari mpaka karibu na mwisho wa Oktoba jua la adhuhuri liko kaskazini yetu, kivuli huangukia kusini, na kibla ni kinyume cha kivuli. Katika miezi iliyobaki jua huhamia kusini yetu, na kivuli chenyewe ndicho chaelekea kibla. Mwenye kuchanganya miezi atasali kinyume, basi aandike ukutani.

Nashauri hivi. Ujenzi usimame kiunoni hapo ulipo. Tarehe 28 Mei, kabla ya saa tano na dakika 18, tukutane kiwanjani, wanaosema umepinda na wanaosema umenyooka, waje wote, na fundi aje, maana hajasikilizwa. Tutasimamisha mti ulionyooka, tutaupima kwa timazi, na kivuli kikifika dakika ile tutavuta kamba juu yake. Kama ukuta umekwenda sawa na kamba, fundi aendelee, naye aombwe radhi. Kama umepishana nayo kidogo, tutapiga mistari ya safu. Kama umepishana mno, kamati ya ujenzi itakaa na hesabu ya saruji iliyobaki. Timazi fundi anayo. Kamba nitaleta mimi.

Wabillahi taufiki. Wassalaamu alaykum.